Kwaresima Ambayo Kengele Iliitwa Fa

Mwezi uliopita nilisali Pasiansi. Nilikuwa nimekuja Mwanza kikazi, Jumapili ikanikuta huko, nikaona aibu kupita karibu na kilima nilichokulia nisikipande. Kanisa ni jipya. Lina vigae sakafuni, feni juu, spika kwenye kila nguzo, na kinanda cha umeme chenye vitufe vingi ajabu. Kabla ya misa kwaya ilikuwa inapasha sauti. Waliimba ubeti mmoja, akina mama wa sauti ya kwanza wakalalamika kwamba wimbo uko juu mno, na kijana wa kinanda, bila hata kuwatazama, akabonyeza kitufe mara mbili. "Nimeshusha hatua nzima," akasema. Wakaendelea. Kwaya yote ilishuka kwa kidole kimoja, na hakuna aliyeuliza imeshuka kwa ajili ya nani.

Nilikuwa benchi la nyuma na nikakasirika, rafiki yangu. Nilijua kabisa kwamba nimekasirika kijinga, na bado sikuacha. Yule kijana hana kosa lolote. Baada ya misa alinisalimia vizuri, shikamoo mama, nami nikaitikia marahaba huku nimemkazia macho kama niliyemfuma akifunua masufuria yangu. Ngoja nikusimulie, labda utaniona nina akili timamu.

Kanisa la zamani lilisimama papo hapo, kigango kidogo cha tofali za kuchoma na mabati yaliyoota kutu, kimekaa juu ya mwamba. Nyumba zetu zilijibanza katikati ya mawe, na kila familia ilikuwa na jiwe lake la kuanikia. Mama alianika nguo, majirani walianika dagaa, na sisi watoto tulijianika wenyewe tukitoka kuoga ziwani, mpaka ngozi zikapauka. Harufu ya dagaa iliingia kwenye unga, kwenye mashuka, kwenye sare za shule. Kuna majira wale wadudu wadogo wa ziwani walipanda kutoka majini kama moshi, wakatumbukia kwenye uji, na tuliunywa hivyohivyo. Ndege zilizokwenda kutua Ilemela zilipita chini sana juu ya bati letu, masufuria yakatetemeka kwenye kichanja, na mazungumzo yote yakasimama hadi zipite.

Kufika kanisani kulikuwa na ngazi za mawe zilizopangwa na waumini. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye siku za wiki alifundisha hesabu shule ya msingi, alizigeuza ngazi hizo kuwa ubao wake. Jiwe la chini kabisa lilikuwa do. Unapanda, re. Unapanda tena, mi. Halafu linakuja jiwe jembamba, ambalo yeye mwenyewe alilitafuta na kulilaza pale makusudi, unainua mguu kidogo tu na umeshalikanyaga: hilo ni fa. Kisha mawe yanarudi kuwa manene, so, la, ti, na kutoka ti hadi kizingiti cha mlango ni kidogo tena, ndiyo do ya juu. Sisi watoto wa kwaya ndogo tulipanda na kushuka huku tukiimba, hadi magoti yakajua muziki kabla ya vichwa. Palipohitaji kuinua mguu sawasawa ni hatua nzima, palipo na jiwe jembamba ni nusu hatua, na nusu mbili zinafanya nzima. Wanakwaya wa mjini, kule Mirongo, walisema toni na nusu toni, na walitutazama kama washamba, lakini kitu ni kilekile.

Siku yangu ya kwanza mwalimu aliniambia niimbe hatua nzima. Nilijaza kifua, nikatoa sauti moja ndefu, ya nguvu, nikaishikilia mpaka macho yakatoka. Watoto walicheka kufa. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza, "Kutoka wapi?" Akasema hatua nzima haikai peke yake hewani, ni umbali wa kutoka sauti moja kwenda nyingine, na mtu anayetaja umbali bila kutaja anakotoka hajasema kitu. Tangu siku ile, yeyote aliyetamka neno hilo mbele yake aliulizwa hivyohivyo: kutoka wapi kwenda wapi? Mama aliuchukua msemo ule akauleta nyumbani. Ukimwambia unatoka kidogo, anakuuliza kwa sauti ya mwalimu, na wewe unacheka hata kama ulikuwa umepanga kudanganya.

Kinanda hatukuwa nacho. Tulikuwa na kengele, na kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori ambayo jirani yetu, fundi magari, aliitoa gerejini kwake akaining'iniza kwenye nondo iliyopitishwa kati ya mawe mawili. Yeye mwenyewe aliimba besi na yeye ndiye aliyeigonga, kwa spana kubwa. Sauti ya rimu ile ilikuwa do yetu. Kila wimbo ulianzia hapo: fundi anagonga, mwalimu anaidaka kwa kuguna, "Dooo," anawapa akina mama ya kwao, akina baba ya kwao, tunaanza. Wimbo ukiisha, fundi anagonga tena. Kama kengele na do tuliyomalizia ni kitu kimoja, mwalimu anafuta jasho na kutabasamu. Kama kengele imekaa juu yetu, tumeshuka, na tunarudia.

Kwaya isiyo na kinanda hushuka, na mwalimu alijua sababu. Mtu anapopanda hatua nzima anachoka kuinua mguu wa sauti, anaishia karibu na pale alipotakiwa, hasikii kwamba hajafika. Wenzake wanamfuata. Wimbo mmoja una hatua nyingi, na kila iliyokatwa kidogo inawaondoa nyumbani kidogo. "Mnakata hatua," mwalimu alikuwa akisema, akiwa ameshika kiuno. Watu walitafutana kwa macho, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba ni yule pale.

Mama hakukata hatua. Ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza, na wengine walimwegemea bila kujua. Alikuwa fundi cherehani. Baba alikwenda machimboni Geita akawa anakuja kwa nadra, kisha hakuja tena, na nyumba ikabaki kuendeshwa na cherehani ya kukanyaga iliyokaa barazani. Mama aliimba akishona. Mguu ulikwenda na wimbo, na mimi jikoni, nikichambua mchele, nilijua kwa mwendo wa ile cherehani kama ni wimbo wa sikukuu au wa maombolezo.

Mwaka ninaousimulia, mwendo ulianza kupungua. Mama alivimba miguu. Jioni viatu havikuingia, na akilala alihitaji mito mingi, kwa sababu akilala chali pumzi ilimkimbia. Hospitalini walisema moyo umetanuka. Walimpa vidonge, wakamkataza chumvi, wakamkataza ngazi. Ukimkataza ngazi mtu wa kilima chetu umemwambia akae ndani. Mimi nilianza kukaa chini ya cherehani na kusukuma pedali kwa mikono, yeye juu akiongoza kitambaa, ili sare za wateja zisichelewe. Nilikuwa naona miguu yake kwa karibu siku nzima. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Bibi, mama yake mama, alikuja kwa meli kutoka Bukoba na mikungu ya ndizi na kifurushi cha kahawa ya kutafuna. Alipika ndizi kwa maharage bila chumvi, akazionja, akakunja uso, akala pamoja na mgonjwa ili asijisikie mpweke. Alikuja na nia moja tu, kumchukua binti yake arudi Kagera akapumzike. Na kwaya aliichukia tangu siku ya kwanza. "Waitu, mtu hana pumzi ya kuongea, mnampeleka kupiga kelele?" Mama alimjibu kwamba ataondoka baada ya Pasaka. Aimbe Pasaka, kisha wafanye watakavyo. Bibi akasema anaweza asifike hiyo Pasaka. Mama akasema kwa kukaa nyumbani amelala hawezi kufika popote. Waligombana hivyo karibu kila asubuhi, kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, wakidhani nimelala.

Wimbo wa Pasaka mwaka ule aliutunga mwalimu mwenyewe. Ulikuwa mtamu na mkali. Mahali pa kutangaza kwamba kaburi ni tupu, sauti ya kwanza ilipanda kutoka so kwenda la, kutoka la kwenda ti, hatua nzima mbili mfululizo, kisha nusu hatua kuingia do ya juu, na pale wanakaa na kushikilia wakati wengine wanazunguka chini yao. Tulianza mazoezi Kwaresima ilipoingia, alasiri, mawe yakiwa bado yanatoa joto. Mama alipanda zile ngazi akishika bega langu. Alipofika jiwe la mi alisimama, akapumzika, akaendelea. Bibi alitutazama kutoka barazani hadi tulipoingia ndani.

Siku ya kwanza tulimaliza wimbo, fundi akagonga, na kengele ikakaa juu yetu. Tukarudia, tukashuka zaidi. Mwalimu akauliza nani anakata hatua ya la kwenda ti. Akawaimbisha besi peke yao, wakawa sawa. Akina baba wa sauti ya tatu, nao sawa. Akaja kwenye safu ya sauti ya kwanza, mmoja mmoja, so, la, ti, do. Aliwapitia wote akikaribia upande aliosimama mama, na mimi nikiwa kwenye benchi la watoto niliuma ukosi wa gauni langu, kwa kuwa nilishasikia. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na ile pumzi. Alipofika mbele ya mama, ndege ilipita juu ya bati. Tulisubiri ipite. Ilipopita, mwalimu alikuwa amemtazama mama miguuni, kwenye malapa aliyoyakata kamba ili mguu uingie. Akasema, "Basi, inatosha. Tumeelewana." Hakumwimbisha.

Mazoezi yaliyofuata fundi aligonga kengele kama kawaida, na mwalimu akaidaka akaguna, "Reee." Watu wakatazamana. Akashuka kutoka hiyo re, hatua nzima, akatupa do mpya iliyokaa chini ya kengele. Ndivyo inavyofanywa kama huna kitufe cha kubonyeza: kengele haiwezi kubadilika, kwa hiyo unaibadilisha jina, kisha unatembea kutoka kwake kwenda unakotaka. Wimbo ukaanzia chini. Mama akapanda la, akapanda ti, akaingia juu na kukaa. Nilimwona akifumba macho. Mwisho fundi akagonga, mwalimu akaipima, ilikuwa re kweli, hatukushuka hata kidogo. Akina mama walimshika mama mkono wakati wa kushuka ngazi, huyu akimwachia yule.

Ilidumu kwa muda, kisha ti ikaanza tena kuchoka. Mwalimu akaiita kengele mi. Sasa do yetu ilikuwa hatua nzima mbili chini ya kengele, na besi walikuwa wanaimba kwenye vidole vya miguu yao. Fundi hakuvumilia. "Mwalimu, sisi huku chini tumeshagonga mwamba. Mnatushusha kwenda wapi?" Mwalimu alimtazama tu, kisha akageuza macho kwa mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti ambacho katekista alimtolea sakristia. Fundi alikuwa na gereji, mwili mkubwa na mdomo mchafu, na watoto tulimwogopa. Alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Tangu hapo aliimba sauti za chini kabisa kwa kunguruma tu, nusu yake hazikusikika, na hakulalamika tena.

Nyumbani tulianza kumpima mama kwa kengele. Jirani akikutana nami bombani hakuniuliza mama anaendeleaje. Aliuliza leo kengele iliitwaje. Nikisema bado ni mi, anashukuru Mungu na kunisaidia kujitwisha ndoo. Hata bibi, ambaye muziki kwake ulikuwa kelele, alikuwa ananingoja barazani na kahawa yake mdomoni, anainua kidevu, na mimi namjibu kwa neno moja.

Wiki Takatifu ilipoingia, mwalimu aliguna, "Faaa." Kutoka mi kwenda fa ni lile jiwe jembamba, nusu hatua, kwa hiyo alikuwa ametushusha nusu tu. Alisimama akawatazama besi, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ambayo mtungi anaona ni mtupu. Hapakuwa na hatua nzima nyingine ya kushuka. Chini ya pale besi hawakuwa na sauti, walikuwa na pumzi tu. Usiku ule mama alimwambia bibi afunge mizigo, wataondoka Jumatatu ya Pasaka. Bibi alikuwa ameshinda, na alilia kama aliyeshindwa.

Pasaka tulimbeba. Fundi na katekista walimweka kwenye kiti, wakampandisha do, re, mi, kila jiwe wakitweta, na pale kwenye fa mama akawaambia, akicheka, kwamba hapo anaweza mwenyewe. Wakati wa wimbo alikaa, wenzake wakamzunguka. Ulipofika mlima wenyewe, akapanda so, akapanda la. Akapanda ti. Akafika. Akaingia do, akakaa pale, akakaa, akina mama wote wakipunguza sauti zao, nahisi, ili wamsikie yeye. Tulipomaliza padre alikuwa tayari kuendelea na misa, lakini fundi alikuwa ameshatoka nje na spana yake. Akagonga. Ilikuwa fa, safi. Mwalimu akageuka ukutani akafuta miwani.

Jumatatu mama hakuweza kusafiri, wala Jumanne. Alifariki wiki ileile, mchana, bibi akimpepea kwa kipande cha boksi. Nilikuwa nje naanua nguo. Cherehani ilikuwa na sare ya mtu chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado.

Kwetu mtu huzikwa kwao, kwa hiyo Pasiansi ilikuwa misa ya kumuaga tu, kabla ya safari ya Bukoba. Jeneza lilipanda zile ngazi. Kwaya ilikaa mahali pake, kile kiti kikiwa kimeondolewa, na kwa kuwa bado ulikuwa msimu wa Pasaka waliimba wimbo uleule. Fundi akagonga kengele. Mwalimu akaidaka, akaguna, "Dooo."

Nilidhani amekosea. Wakaanza, wakaanzia juu, kule wimbo ulikotungwa, na besi wakajaa kanisa zima kwa vifua ambavyo sikuwa nimevisikia tangu Kwaresima ianze. Ulikuwa wimbo mzuri kupita kiasi. Lakini mimi niliujua kwa kimo cha mama. Nilifungua mdomo na sauti yangu ikatoka kule chini, penye fa, na hapakuwa na mtu. Niliimba peke yangu, nikigongana na kila mmoja, kwa nguvu, kwa hasira. Niliwachukia wote. Niliona kama walikuwa wanangoja tu aondoke ili wapande. Jirani mmoja alinivuta akaniziba mdomo kwa khanga yake, na mwalimu alinisikia, najua alinisikia, mkono wake uliokuwa ukiongoza uliganda kidogo hewani kabla ya kuendelea. Siku iliyofuata bibi alinichukua Kagera. Sikuaga mtu.

Basi Jumapili hiyo ya mwezi uliopita, baada ya kumtisha bure kijana wa watu, nilishuka hadi kwa fundi. Ni mzee sasa, gereji imefungwa, anakaa mlangoni na redio. Nilimpa shikamoo, nikajitambulisha kuwa ni mtoto wa nani, na akanishika mkono asiuachie. Mwalimu amekwishafariki. Ngazi za mawe zilivunjwa walipojenga, wakamwaga zege, ngazi mpya zote zimelingana. Nilimuuliza lile nililolibeba miaka yote: kwa nini siku ile kengele iliitwa do? Akapunguza redio. "Tulijaribu fa, mwanangu, asubuhi ile kabla hamjaja. Haikuimbika. Pale chini tulikuwa tunamngoja yeye aingie."

Nilimuuliza tu kengele iko wapi, akasema vijana wa chuma chakavu waliichukua wakati wa ujenzi, waliipima kwa kilo.

Huwa nauimba ule wimbo nikipika, naanzia pale mama alipoanzia, au pale ninapoamini alianzia. Sijui. Mtu anayeimba peke yake hukata hatua bila kusikia, na mimi nimeuimba miaka mingi bila mtu wa kunigongea mwisho. Pengine nimeshashuka mbali na mama, na chuma pekee ambacho kingeweza kuniambia ni umbali gani, kutoka wapi, kilipakiwa kwenye mkokoteni kikaenda kuyeyushwa.